Percy Julian, mkemia wa maharage ya Calabar na soya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Percy Julian hutajwa zaidi mwezi Februari, Wamarekani wanapoadhimisha historia ya watu weusi, na hapo ndipo husambaa picha zenye maelezo ya mistari miwili ambayo nusu yake si sahihi. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo wanafunzi wa kemia, walimu na wasomaji wa kawaida huyauliza juu yake.

Alikuwa nani hasa?

Mmarekani, bingwa wa kemia ogania, aliyezaliwa Montgomery, Alabama, tarehe 11 Aprili 1899 na kufariki Waukegan, Illinois, tarehe 19 Aprili 1975. Mambo mawili ndiyo yaliyompa jina. Mwaka 1935 aliunda fisostigmini maabara, dawa ya presha ya macho ambayo hadi wakati huo ilitoka kwenye mbegu ya Afrika Magharibi pekee. Kisha akahamia kiwandani Chicago, na huko akaifanya soya kuwa malighafi ya homoni kwa kiasi cha kibiashara. Aliacha hataza zaidi ya 100.

Alikuwa mtu mweusi, mjukuu wa watumwa. Hilo haliwezi kuwekwa pembeni kana kwamba ni habari ya ziada, maana hata aina ya kemia aliyoishia kuifanya iliamuliwa na nafasi alizonyimwa.

Alisomaje, ilhali Montgomery haikuwa na sekondari ya serikali kwa watoto weusi?

Baba yake alikuwa karani wa barua za treni, na nyumba ilikuwa ya watu wanaojua thamani ya kitabu. Percy, mzaliwa wa kwanza kati ya watoto sita, alimalizia elimu ya nyumbani kwao katika shule ya kuwaandaa walimu weusi, na mwaka 1916 akapanda treni kwenda chuo kikuu cha DePauw, mjini Greencastle, Indiana. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi babu yake alivyompungia mkono pale stesheni, mkono uliopungua vidole viwili. Vilikatwa enzi za utumwa kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika.

DePauw ilimpokea kwa masharti. Mchana alisoma masomo ya chuo na jioni akafidia yale ya sekondari ambayo hakuwahi kufundishwa. Bwenini hakuruhusiwa kulala. Alipata chumba cha darini katika nyumba ya chama cha wanafunzi wa kizungu, na malipo ya chumba hicho yalikuwa kuwahudumia mezani na kuchochea tanuri la kupashia nyumba joto. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Wadogo zake nao walimfuata katika elimu ya juu: wavulana wawili wakawa madaktari wa tiba, na wasichana watatu wakapata shahada za uzamili.

Kwa nini shahada ya uzamivu aliipatia Austria na si Harvard?

Harvard alifika, kwa ufadhili wa masomo, mwaka 1922, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili. Kuendelea kulihitaji kazi ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kama walivyofanya wenzake wote. Chuo kikaiondoa nafasi hiyo kwa hofu kwamba wanafunzi wazungu wasingekubali kufundishwa na mtu mweusi. Akarudi kufundisha katika vyuo vya watu weusi, West Virginia na kisha Howard mjini Washington.

Mwaka 1929 mfuko wa Rockefeller ulimlipia kwenda Chuo Kikuu cha Vienna, kwa Ernst Späth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa alkaloidi barani Ulaya. Alkaloidi, kwa asiyekumbuka, ni kemikali za mimea zenye naitrojeni: kwinini, mofini, kafeini na nikotini zote zimo katika kundi hilo. Julian alichunguza alkaloidi za ua la porini liitwalo *Corydalis cava* na kupata uzamivu mwaka 1931. Alijifunza Kijerumani vizuri, akaenda opera, akacheza michezo ya theluji. Kwa mara ya kwanza maishani aliishi mahali ambapo rangi yake haikuwa swali la kwanza.

Kurudi Howard hakukwenda vizuri. Ugomvi wa kiofisi na wa kibinafsi ulifikia barua zake za Vienna, zilizojaa kejeli juu ya wenzake, kuchapishwa gazetini mwaka 1932, naye akalazimika kujiuzulu. Nalitaja kwa sababu wasifu wake mwingi huliruka. Alikuwa na ulimi mkali, na ulimi huo ulimgharimu.

Fisostigmini ni nini, na kwa nini wakemia waliihangaikia?

Kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, eneo la Calabar, huota mmea utambaao uitwao kitaalamu *Physostigma venenosum*. Maharage yake ni makubwa, ya kahawia iliyokolea, na yana sumu. Waefik, wenyeji wa huko, waliyatumia katika kiapo, sawa na kiapo cha mwavi kinachofahamika kwetu: mtuhumiwa hunywa, akitapika ameokoka, akifa alikuwa na hatia. Wapo wataalamu walioeleza kwamba asiye na hatia alikunywa kwa pupa, bila woga, na tumbo likakirudisha haraka, wakati mwenye hofu alikinywa kidogo kidogo na sumu ikapata muda wa kuingia mwilini.

Waskoti waliofika Calabar karne ya 19 walipeleka maharage hayo Edinburgh. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa huko, aliyala mwenyewe ili aone yatamfanya nini, na nusura afe. Mwaka 1863 Douglas Argyll Robertson aliweka dondoo lake jichoni na kuona mboni inasinyaa. Mwaka 1864 kiini chenyewe kikatengwa na kupewa jina la fisostigmini; jina jingine ni eserini, kutokana na neno la wenyeji, *esere*.

Kazi yake mwilini inaeleweka vizuri. Neva huamrisha misuli kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya fulani huivunja kemikali hiyo mara moja ili amri ikome. Fisostigmini hukifunga kimeng'enya hicho. Kwa hiyo asetilikolini hulundikana: kwenye jicho, mboni husinyaa na maji yaliyozidi hupata njia ya kutoka, presha ikashuka. Ikizidi mwilini, moyo na mapafu hulemewa.

Umbo la molekuli yake lilipendekezwa mwaka 1925 na Stedman na Barger. Lakini katika kemia ya wakati ule umbo la kwenye karatasi lilibaki dai. Uthibitisho ulikuwa kuijenga molekuli yenyewe kutoka vitu rahisi, hatua kwa hatua, na kuonyesha kwamba uliyoijenga na ya kwenye mbegu ni kitu kimoja.

Ni kweli alimshinda Robert Robinson wa Oxford?

Ni kweli, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1935 Julian alikuwa amerudi DePauw, ambako mwalimu wake wa zamani, William Blanchard, alimtafutia nafasi ya utafiti ya muda. Pamoja naye alikuwa Josef Pikl, mkemia aliyekuja naye kutoka Vienna. Wasaidizi wao walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Upande wa pili alikuwapo Robinson, mkemia wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwenye maabara kubwa na jina kubwa zaidi. Kundi la Robinson lilikuwa limekwisha kutoa makala mfululizo juu ya fisostigmini.

Lengo la wote wawili lilikuwa kiungo cha kati kiitwacho eseretholi, kwa kuwa njia ya kutoka hapo hadi fisostigmini ilikwisha kujulikana. Anayeipata eseretholi amemaliza kazi. Robinson akatangaza kwamba ameipata. Julian akaisoma makala ile, akatazama alichonacho mezani, akaona havifanani. Hapo mmoja wao alikuwa amekosea, na dunia nzima ingedhani ni yule wa Indiana.

Julian na Pikl hawakurudi nyuma. Waliandika katika jarida la Chama cha Wakemia cha Marekani kwamba eseretholi halisi ni yao na ya Oxford siyo. Ushahidi wao ulikuwa kiwango cha kuyeyuka. Fuwele safi za kitu kimoja huyeyuka kwenye nyuzi zake maalumu, na zikichanganywa na kitu kingine, hata chenye sura ileile, mchanganyiko hulegea mapema. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha sita amewahi kukaa na kile kijibomba chembamba cha kioo kando ya kipimajoto akisubiri chembe zianze kulowana, na amechoka nacho. Kwa kipimo hichohicho, fuwele za DePauw zililingana na zile zilizotokana na maharage ya Calabar yenyewe. Za Oxford hazikulingana.

Wakamalizia hatua zilizobaki. Walitenganisha pia umbo la mkono wa kushoto na la mkono wa kulia, yaani molekuli mbili zinazofanana kama kitu na taswira yake kiooni, kwa sababu mmea hutengeneza moja tu kati ya hayo, na mwishowe wakapata fisostigmini kamili. Mwaka 1999 Chama cha Wakemia cha Marekani kiliitambua kazi hiyo kuwa alama ya kihistoria ya kemia. Robinson hakuathirika sana. Alipata Nobel ya kemia mwaka 1947 kwa kazi zake nyingine juu ya mimea, alkaloidi zikiwemo.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote, hata kama soya ndiyo iliyompa utajiri.

Baada ya hapo chuo gani kilimpa uprofesa?

Hakuna. DePauw yenyewe haikuthubutu kumpa, kwa sababu ya rangi. Kampuni ya DuPont ilimwajiri Pikl na kumkataa Julian. Taasisi ya kemia ya karatasi mjini Appleton, Wisconsin, ilimtaka, kisha ikagundua kwamba mji ule haukuruhusu watu weusi kulala ndani ya mipaka yake.

Katika bodi ya taasisi hiyo alikuwamo William O'Brien, makamu wa rais wa kampuni ya rangi za nyumba ya Glidden. Aliposikia kwamba mkemia wa kiwango hicho anakataliwa kwa sababu ya mahali pa kulala, akamchukua yeye. Mwaka 1936 Julian akawa mkurugenzi wa utafiti wa kitengo cha soya cha Glidden, Chicago. Kampuni ilikuwa imenunua kutoka Ujerumani mtambo mpya wa kukamua mafuta ya soya, na kumbe Kijerumani cha Vienna kilikuwa na soko.

Soya inahusiana vipi na homoni?

Steroidi zote, ziwe projesteroni, testosteroni, kortisoni au kolesteroli, zina kiunzi kimoja: pete nne za kaboni zilizoungana, tatu zenye kaboni sita na moja yenye tano. Kuijenga pete moja baada ya nyingine kutoka mwanzo ni kazi ya miaka. Ukiupata mmea uliokwisha kuzijenga, umebakiza kupunguza na kuongeza pembezoni.

Mafuta ya soya yana steroli za aina hiyo, na iliyo bora kwa kazi hii ni stigmasteroli. Ubora wake uko mkiani. Molekuli ina mnyororo mrefu ambao projesteroni haiuhitaji, na katikati ya mnyororo huo pana kiungo maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili. Ukipitisha ozoni, mnyororo hukatika papo hapo. Sitosteroli, ndugu yake anayepatikana kwa wingi zaidi katika soya, haina kiungo hicho, na kwa wakemia wa enzi zile ilikuwa karibu haina faida.

Julian alikwisha kukutana na stigmasteroli DePauw: alipokuwa akisafisha mafuta ya maharage ya Calabar, fuwele zake nyeupe zilijitenga zenyewe. Kwa hiyo, karibu na mwaka 1940, maji yalipovujia ndani ya tangi kubwa la mafuta ya soya pale Glidden na chini kukajaa utope mweupe, wengine waliona hasara. Yeye alijua anatazama nini. Maji yalikuwa yameyavuta mashapo ya mafuta pamoja na steroli, na ajali ile ikageuzwa kuwa utaratibu wa kiwanda.

Projesteroni ilihitajika hospitalini kwa wanawake ambao mimba zao zilitishia kutoka. Kabla ya hapo ilikamuliwa kwa vijisehemu vidogo mno kutoka kwenye ovari za wanyama. Glidden ikaanza kuitoa kwa ratili. Haikuwa peke yake kwa muda mrefu: mwaka 1944 ilianzishwa kampuni ya Syntex mjini Mexico, kwa kutumia kiazi kikuu cha mwituni ambacho Russell Marker alionyesha kwamba kina malighafi ya projesteroni.

Na lile povu la kuzimia moto?

Ni la kweli, ila si yeye aliyelibuni peke yake. Kitengo chake kilitenganisha protini safi ya soya, hasa kwa ajili ya kupakia karatasi na kutengeneza rangi. Kampuni nyingine ikaichukua protini hiyo na kutengeneza povu la kuzimia moto wa petroli na mafuta, lililotumiwa melini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mabaharia waliliita supu ya maharage.

Ndiye aliyegundua kortisoni?

Hapana. Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi.

Kortisoni ilitengwa kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo na Edward Kendall wa Marekani na Tadeus Reichstein wa Uswisi, kila mmoja kwa upande wake. Mwaka 1949 Philip Hench wa kliniki ya Mayo alitangaza kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawanyanyuki kitandani wanatembea baada ya kupewa dawa hiyo. Watatu hao walipewa Nobel ya tiba mwaka 1950. Aliyeiunda kwanza maabara alikuwa Lewis Sarett wa kampuni ya Merck, kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Nyongo ya kutosha wagonjwa wa dunia isingepatikana.

Ugumu wote ulikuwa atomu moja ya oksijeni, kwenye kaboni namba 11. Mimea haiiweki hapo, na mkemia hakuwa na njia rahisi ya kuiweka. Mwaka 1949 Julian alitangaza njia nafuu ya kutengeneza kiungo S, ambacho ni haidrokotisoni, ndugu wa karibu wa kortisoni, iliyokosa oksijeni hiyo moja tu. Mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ilionyesha kwamba ukungu wa jamii ya *Rhizopus*, ule unaoota kwenye mkate uliochacha, unaiweka oksijeni hiyo kwa hatua moja. Baadaye aina nyingine ya ukungu ikaonekana kufanya vivyo hivyo kwenye kiungo S na kutoa haidrokotisoni moja kwa moja. Dawa kushuka bei ni kazi ya wengi, na sehemu ya Julian ilikuwa mchango mkubwa bila kuhitaji kutiwa chumvi.

Hizi ndizo steroidi za wanyanyua vyuma?

Kiunzi ni kilekile, kazi ni tofauti. Zile za kutunisha misuli ni jamaa wa testosteroni. Haidrokotisoni hutuliza uvimbe, na ikitumiwa vibaya kwa muda mrefu huidhoofisha hiyo misuli.

Kwa nini aliacha Glidden?

Kampuni iliamua kujitoa kwenye biashara ya steroidi, naye hakuwa tayari kurudi kwenye rangi za kuta. Mwaka 1953 aliondoka na kuanzisha Julian Laboratories, Franklin Park, nje kidogo ya Chicago. Aliajiri wakemia weusi na wanawake waliokuwa hawapati kazi kwingine.

Malighafi nafuu sasa ilikuwa kile kiazi cha Mexico, kwa hiyo akajenga kiwanda huko, na kibali cha kuvuna viazi akanyimwa. Aliamini Syntex wana mkono, na mwaka 1956 akatoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti la Marekani juu ya ukiritimba huo. Kilichomwokoa ni Abraham Zlotnik, manusura wa mauaji ya Wayahudi ambaye Julian alimsaidia zamani. Zlotnik alikwenda kutafuta kiazi hicho Guatemala, akakipata. Mwaka 1961 Julian aliiuza kampuni kwa Smith, Kline and French kwa dola milioni 2.3.

Nyumba yake ilichomwa moto?

Ilijaribiwa. Mwaka 1950 alinunua nyumba Oak Park, kitongoji cha wazungu. Mwaka huohuo gazeti moja la jiji lilikuwa limempa heshima ya raia bora wa Chicago. Siku ya sikukuu ya Shukrani, kabla hawajahamia, watu walijaribu kuiteketeza. Tarehe 12 Juni 1951, wazazi wakiwa safarini, dinamiti ilirushwa karibu na dirisha la chumba cha watoto. Hakuna aliyeumia. Mwanawe, Percy mdogo, alisimulia ukubwani jinsi alivyokaa juu ya mti na baba yake usiku, baba ameshika bunduki, wakilinda nyumba. Mtoto huyo alikuja kuwa wakili wa haki za raia huko Wisconsin.

Majirani kadhaa walijitokeza waziwazi kuitetea familia. Hawakuhama. Leo Oak Park ina shule yenye jina lake.

Mke wake alikuwa nani?

Anna Roselle Johnson, waliyefunga naye ndoa tarehe 24 Desemba 1935. Mwaka 1937 alipata uzamivu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuupata katika fani hiyo. Kumtaja kama mke wa fulani pekee ni kumpunja.

Alipata Nobel?

Hakupata. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilimchagua mwaka 1973, miaka miwili kabla ya kifo chake. Alikuwa mtu mweusi wa pili kuingia, baada ya mwanahisabati David Blackwell, na mkemia mweusi wa kwanza. Stempu yenye picha yake ilitolewa mwaka 1993. Kuchelewa kwa heshima hizo kunajieleza.

Dawa alizozishughulikia bado zipo?

Fisostigmini imeachwa kwa presha ya macho, kwa kuwa zimekuja dawa zisizowasha jicho na zinazodumu zaidi, kama timololi. Imebaki hospitalini kama kiuasumu: mtu aliyezidishiwa atropini, au aliyekula mbegu za mnanaha akawa anaweweseka, anaweza kupewa, chini ya uangalizi wa karibu wa moyo. Haidrokotisoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na krimu yake ipo karibu kila duka la dawa. Steroli za soya nazo hazijaachwa. Hata ile sitosteroli isiyokuwa na faida enzi za Julian sasa hulishwa bakteria, ambao huukata mnyororo wake, na kinachobaki huenda viwandani kutengenezewa homoni.